Jiwe la Shahidi la Mlondo

Jiwe lilikuja limeoshwa. Niliona kabla Wawuda hajalitua mezani, maana lilikuwa linang'aa kama sahani ya mgeni, na jiwe la shahidi haling'ai. Huja na tope lake la kijivu na harufu ya mafuta ya kekee, mashine ya kutobolea mwamba, na ukilishika linakuachia weusi viganjani.

Kanuni ya tatu ya Ushirika wa Mlondo inajulikana hata na watoto: jiwe linalotoka chini ya Jiko, mtambo wa mlimani kwetu, halioshwi, halifutwi, halipanguswi hata kwa ncha ya leso, mpaka msoma mawe alishike. Tuliirithi kwa wachimbaji wa zamani wa Taita, waliokuwa wakiuziana vito vya ganeti vichakani, na ambao walijifunza kwa machungu kwamba mtu akilisugua jiwe au kulipaka mafuta, kuna ufa anaouficha.

Nilimuuliza kwa nini ameliosha. Akasema lilimponyoka njiani likaangukia mavi ya mbuzi, naye akaona haya kuniletea hivyo. Akacheka kidogo. Wawuda ni mdogo wangu, tumbo moja, na katika miaka hamsini sijamwona akicheka anapoona haya. Yeye huvuta sikio. Nikaandika daftarini: limeoshwa. Nikamkaribisha chai, akasema ana haraka.

Mwaka huo yeye ndiye aliyekuwa mbeba shahidi. Kazi hiyo hupewa mtu ambaye nyumbani kwake hakuna aliyeajiriwa na Jiko, ili asiwe na sababu ya kudanganya, na Wawuda alichaguliwa bila mpinzani. Kwamba ni ndugu yangu, hakuna aliyejali. Mimi pia sikujali, na sasa najua nilipaswa kujali.

Msoma mawe ni mimi, Mghoi. Watu wa Mlondo wananiita Mama Shaka, na sikatai, jina limenikaa. Chemchemi yetu ilipofufuka mwezi wa tano, kijiji kizima kilitoka na ngoma, mimi nikatoka na kipimajoto. Mvua ilikuwa haijanyesha miaka mitatu. Dalili ya mvua ni mawingu, na sisi mawingu tulishayasahau. Sasa maji haya yametoka wapi? Tena yalikuwa vuguvugu, na baada ya wiki mbili sufuria yangu ya chai ilikuwa imeota ukoko mweupe. Nilipoyasema hayo mkutanoni niliambiwa nimshukuru Mungu kwanza, maswali yatafuata. Nikashukuru. Maswali nikabaki nayo.

*

Nilikata jiwe asubuhi iliyofuata. Msumeno hutoa kipande, nami nakisaga juu ya kioo mpaka kiwe chembamba kuliko karatasi na mwanga upite. Hapo ndipo jiwe huanza kusema.

Wengi hudhani mwamba ukichomwa huyeyuka. Ukiyeyuka, habari zake zimekwisha. Ni uji, hauna kumbukumbu. Mwamba geu hauyeyuki. Ni udongo wa kale uliozikwa, ukabanwa, ukapashwa moto, na huku ukiwa bado mgumu, vilivyomo ndani vikahama na kujipanga upya. Udongo unakuwa ulanga unaometa, ulanga unaotesha ganeti, na mistari yote inalala upande mmoja kwa sababu ya kule kubanwa. Jiwe haliwezi kuficha limepita wapi.

Kazi hiyo, dunia huifanya kwa mamilioni ya miaka. Jiko huifanya kwa siku arobaini. Kilomita nne chini ya mlima wetu kuna sindano kumi na mbili za moto, na pampu zinazoukaba mwamba kutoka kila upande, na katikati humiminwa chachu, dawa inayoharakisha madini kukua kama hamira inavyoharakisha unga. Kinachovunwa ni ganeti ya kijani, safi, inayoingia kwenye mioyo ya mashine za kukokotoa huko ng'ambo. Shule yetu, zahanati yetu, barabara yetu, vyote vimetoka humo.

Mpaka ni digrii mia tano; ukivukwa, mlima unaweza kupasuka. Mkataba umesema hivyo, na kila mwezi ni mimi ninayethibitisha, si geji. Geji husema inachoambiwa. Kuna madini matatu ndugu, yameumbwa kwa kitu kilekile, ila kila moja huzaliwa mahali pake. Mwamba ukibanwa sana kwa moto wa wastani, utaona kayanaiti, vijiti vya buluu. Moto ukizidi, vijiti vile hugeuka silimanaiti, nyuzi nyeupe nyembamba. Nikiona buluu, natamka mkutanoni, "Jiko liwake." Nikiona nyuzi, natamka, "Jiko lipoe," na neno langu halipigiwi kura.

Niliinamia hadubini. Buluu tupu. Vijiti vizuri, ulanga mzima, kila kitu mahali pake, na badala ya kufurahi nikaangalia tena. Katikati ya kipande kulikuwa na ganeti moja iliyozungukazunguka wakati inakua, kama konokono, na mzunguko wake wa tatu ulikuwa umekatika upande wa kushoto. Ganeti ile nilikuwa naifahamu.

Mimi huchora kila jiwe kwa mkono. Injinia Nasongo, msimamizi wa Jiko, hunicheka, husema picha ingetosha, lakini mkono unakumbuka kuliko kamera. Nilifungua daftari nikarudi nyuma mwezi baada ya mwezi. Mwezi wa kumi na moja, mwaka uliopita: konokono, mzunguko wa tatu umekatika kushoto. Nikaenda ghalani. Kwenye rafu ya mwezi wa kumi na moja kulikuwa na vumbi, na katikati ya vumbi duara safi ambapo jiwe lilikuwa limekaa.

Nikaelewa kwa nini jiwe lilioshwa. Mawe yangu nayaandika namba kwa wino, na wino hautoki bila kusuguliwa. Kwenye rafu za marehemu msomaji aliyenitangulia, ambaye aliandika namba kwenye sanduku tu, nilikuta nafasi mbili nyingine zilizo wazi. Mwezi wa tano na wa sita pia nilikuwa nimesomeshwa mawe ya marehemu, yakiwa yamepakwa tope, nami nikatamka liwake.

*

Ghala lina funguo mbili, yangu na ya mbeba shahidi. Lakini akili yangu haikwenda kwa Wawuda. Ilikwenda moja kwa moja kwa Nasongo, kwa sababu ni mtu wa Bungoma, hana kaburi la mtu wake hapa, na mlima ukianguka yeye atapanda gari. Nasema hivi kwa aibu. Nilijiambia amemtisha mdogo wangu au amemwibia ufunguo, na nikapanda hadi kwenye ofisi yake nikiwa nimeshamhukumu.

Alinipokea kwa heshima, akanitolea kiti na kunimiminia chai, akaniuliza habari za magoti. Nikamwambia naomba kuona geji. Akanionyesha: mia nne na tisini. Nikamuuliza kama ni sindano zote kumi na mbili. Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Mama Mghoi," akasema, "mimi kila mwezi natoa jiwe la kweli na kulikabidhi kwa mbeba shahidi. Mkono kwa mkono. Sijawahi kutoa jiwe la uongo."

"Sijakuuliza habari za jiwe, Injinia. Nimekuuliza habari za sindano."

"Najua ulichoniuliza."

Nikaona macho yake yamechoka, si macho ya mwizi aliyefaulu. Nilipofika mlangoni akaniita, akasema kama natafuta mawe ya kweli, kwenye uwanja wa Jiko hayapo. Nilishuka mlima polepole, na kila hatua ilinipeleka mahali nisipotaka kwenda. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishamaliza.

*

Wawuda alikuwa jikoni kwake akichambua mchicha. Siku hizi alikuwa na bustani, yeye na wanawake wengine arobaini wa kamati ya maji, matuta ya kijani kuanzia chemchemini hadi uani kwake. Mjukuu wake Manga, wa miaka sita, alikuwa ametoka shule na kulala mkekani. Nikasalimia, nikaketi, nikaangalia huku na huku jinsi mgeni mwenye nia mbaya anavyoangalia.

Pembeni mwa mlango kulikuwa na pipa la maji, limeinuliwa ili bomba lake lisiguse sakafu. Limeinuliwa kwa mawe matatu ya mviringo, yote unene mmoja, kama makopo ya maziwa ya unga. Jiwe la mviringo namna ile halichongwi na mto. Hutolewa na kekee.

Mtu mwingine yeyote angeyatupa korongoni. Lakini sisi tumelelewa na mama ambaye hakuwahi kutupa hata kizibo, na Wawuda ni mtoto wa mama yule kuliko mimi. Nikainama nikagusa moja. Lilikuwa kavu na jepesi, na ukucha wangu ulipolikwaruza likatoa unga.

Aliacha mchicha. Kisha akavuta sikio.

Alinieleza yote, na hakuna aliyemlazimisha. Mwezi wa nne, wanawake wa kamati walikwenda kukaa kwenye geti la Jiko na madumu matupu. Hawakuimba wala kupiga kelele. Walikaa siku tatu. Walikuwa wamesikia kutoka kwa mfanyakazi mmoja kwamba mwamba ukipikwa kupita kiasi hutoa jasho, kwamba ulanga umefunga maji ndani yake, na moto ukiuvunja maji hukimbilia kwenye nyufa na kupanda juu. Siku ya tatu Nasongo alishindwa kuwapita na gari lake. Akaongeza moto kwenye sindano mbili za upande wa chemchemi, na geji ikaachwa isome zile kumi. Mawe yakawa kazi ya Wawuda.

Nilimwambia alichokifanya, kwa sauti ya mwalimu, sauti ninayoichukia kwangu mwenyewe. Nikamwambia maji yale si mto, ni damu ya jiwe, yakitoka hayarudi. Ulanga ukivunjika mwamba unasinyaa, na uliosinyaa unapasuka, na juu ya mwamba huo kuna shule. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwonyesha Manga pale mkekani.

"Utaanguka lini?" akauliza.

"Sijui."

"Mwaka huu?"

"Sijui, Wawuda. Inaweza kuwa mwaka huu. Inaweza kuwa miaka thelathini. Inawezekana usianguke kabisa."

Akasogea karibu yangu. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Dada, wewe unaogopa mlima ambao huenda ukaanguka. Mwanangu Kidawa nilimzika. Ulikuwa Nairobi ukisoma mawe, mimi nilikuwa nampa mtoto maji ya bwawa kwa kijiko, maana hayakuwepo mengine, na kila kijiko nilijua ninachompa. Sasa hii ni miezi mitatu, hakuna mtoto hata mmoja aliyekufa kwa tumbo Mlondo. Hata mmoja. Isome hiyo."

Nilinyanyua pipa, nikatoa jiwe moja nikaweka tofali mahali pake. Hakunizuia. Alishika pipa upande wa pili ili lisimwagike.

*

Nililikata jiwe lile mchana wa siku iliyofuata, na sikuhitaji kuliangalia mara mbili. Buluu ilikuwa imekwisha. Mahali pa vijiti palikuwa na nyuzi nyeupe, vifungu kwa vifungu, zimelala kama mvi zilizochanwa. Ulanga ulikuwa umebaki vipandevipande, na katikati mwake vitundu, na nyufa zimeunganisha kitundu kwa kitundu. Digrii mia sita na hamsini na zaidi. Nilichora kila kitu.

Mkutano ulikuwa saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, kwenye ukumbi wa shule. Nilikuwa na siku mbili, na sitajisifu kwamba nilijua la kufanya. Niliwaza kutamka liwake na kunyamaza. Niliwaza kwamba miaka thelathini ni mingi, kwamba mvua itarudi kabla ya hapo. Niliwaza pia uso wangu siku ile mwamba utakapotikisika, watoto wakiwa darasani, na mchoro umo daftarini mwangu. Usiku sikulala, mchana sikula. Nilikuwa nimezoea kuwashuku wengine, na kujishuku mwenyewe ni kazi nyingine.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwachofi, aliomba dua, akaniita. Wawuda alikuwa safu ya tatu na wenzake wa kamati, na mapajani mwa wengi wao kulikuwa na watoto wenye mashavu. Nasongo alisimama kando ya ukuta.

Niliwaambia yote, ila jina la mtu sikulitaja. Niliwaeleza sindano mbili, ulanga, jasho la mwamba. Nikawaambia maji wanayokunywa yanatoka ndani ya kitu kinachowabeba. Kisha nikakiri nisichokijua, kwamba siku ya kuanguka siwezi kuisoma, jiwe linasema lilikopita, halisemi linakokwenda.

Mzee Mwachofi akauliza kama watu wanaweza kupiga kura. Nikamwambia kanuni haisemi hivyo. Mama mmoja nyuma akasema basi kanuni ibadilishwe, na ukumbi ukanguruma kumuunga mkono. Wawuda hakunguruma. Aliniangalia tu, na nilijua ananiomba, ndugu yangu wa pekee, ambaye hajawahi kuniomba kitu tangu tukiwa wasichana.

"Jiko lipoe," nikasema.

Wengi wanasema nilisema kwa kiburi. Sauti yangu hutoka hivyo ninapoogopa. Nasongo alitoka akapanda mlima, na kufikia saa nane mlio wa pampu ambao tulikuwa tumeuzoea kwa miaka sita ulikuwa umekoma.

*

Chemchemi ilichukua siku tisa kukauka. Siku ya nne ilikuwa uzi, ya saba matone, ya tisa tope, na nyuki juu ya tope. Bustani zilifuata. Hakuna aliyenitukana. Walinipisha njiani kwa adabu, kama unavyompisha mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Niliandika barua kwa kila ofisi niliyoijua nikiomba malori ya maji, na majibu yalikuja, marefu, yenye mihuri, bila malori.

Wanawake walirudi bwawani. Niliwafuata na kichungi changu cha maabara, nikachuja ndoo mbili kwa siku, kwa kijiji cha nyumba mia tatu. Wengine walipokea. Wawuda alipita na dumu lake bila kusimama.

Mlima haukuanguka. Nilipima kila wiki. Nilinyoosha uzi kwenye nyufa za ukuta wa shule nikibandika vipande vya kioo, ili ufa ukisogea kioo kivunjike, na vioo vyote vilibaki vizima. Nitakiri jambo la aibu: kuna asubuhi nilikwenda kuvikagua nikitumaini kimoja kimevunjika.

Mwezi wa kumi Manga aliugua. Nilipata habari kwa jirani, si kwa Wawuda. Nilikwenda zahanati na chupa mbili za maji niliyochemsha, nikamkuta mtoto amelala, mdogo kuliko alivyokuwa, macho yamezama, dripu mkononi. Muuguzi alisema usiku ungeamua. Wawuda alikuwa ameketi kando ya kitanda akiangalia nje ya dirisha. Dirisha la zahanati ile linatazama mlima wa Mlondo, na siku hiyo hapakuwa na ukungu wala wingu, mlima wote ulionekana toka mzizi hadi kilele.

Nikaweka chupa chini. Nikasimama nisijue pa kuketi.

"Mlima bado umesimama, dada," akasema. Hakugeuka.

"Ndiyo," nikamwambia. "Umesimama."